Nane Nane ya Mkono wa Kushoto

Nina nyuzi kumi na nane kwenye mkono huu wa kulia, na chanzo chake ni Nane Nane.

Siyo sikukuu yenyewe. Karata.

Msicheke, ngojeni nisimulie.

Naitwa Lukresia, naishi Soweto, Moshi mjini. Kwetu ni Kirua Vunjo. Nina kaka yangu Jovin, mkubwa wetu, na mdogo wangu Sirili, kitinda mimba.

Baba alipofariki alimwachia Sirili kihamba, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Ndiyo mila yetu kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Jovin akanuna. Miaka mitatu hawakupeana hata salamu.

Krismasi iliyopita mama akanipigia simu analia. "Mwanangu, nataka niwaone meza moja kabla sijafa."

Basi nikapanda Kirua na mchezo wa karata za sikukuu. Kila mtu anagawiwa karata saba, anachagua moja anaiweka, zilizobaki anampa jirani. Mwenye sikukuu zenye pointi nyingi ndiye mshindi. Krismasi pointi tano, Muungano nne, Nane Nane moja. Mchezo wa watoto kabisa.

Tarehe ishirini na sita, tumeshakula mbuzi, nikawakalisha mezani. Jovin akapata Krismasi, akatabasamu. Aisee, nilitaka kupiga vigelegele.

Nikatangaza, "Sasa zilizobaki mnapitisha kushoto!"

Nilimaanisha upande. Sirili akaelewa mkono.

Akahamishia karata mkono wa kushoto, akamnyooshea kaka yake. Kwetu mkubwa hapewi kitu kwa kushoto. Ni tusi.

"Unanipa kwa kushoto, mimi?"

"Dada ndiye kasema!"

Jovin akaangalia karata ya juu. Nane Nane.

"Sikukuu ya wakulima! Kwamba mimi sina shamba, siyo?"

Kofi la kwanza lilimtoa Sirili kwenye kiti. Sirili akainuka na kigoda, akampasua Jovin juu ya jicho. Meza ikapinduka. Jovin akamkaba, akambamiza ukutani mara mbili, mara tatu, mpaka picha ya baba ikaanguka. Sirili akamng'ata sikio, akatema damu.

"Nakuua leo!"

"Niue, uzikwe na hilo shamba!"

Hasira zikanipanda. Nikajitosa katikati, nikawasukuma. Ghafla mkono ukawa wa moto. Kuangalia, naona nyama yangu mwenyewe. Panga.

Wakaachiana.

Walinibeba wawili mpaka barabarani, mmoja kichwani, mmoja miguuni, huku wanavuja damu wenyewe. Hospitali, askari akaja na fomu ya PF3.

"Nani kamkata huyu?"

"Mimi," akasema Jovin.

"Mimi," akasema Sirili hapo hapo.

Askari akakunja uso. "Panga moja mmelishika wawili?"

"Ndiyo, afande."

Wakawekwa ndani wote. Mimi kimya, nimeng'ata shuka.

Kwa sababu ukweli ni kwamba hakuna kati yao aliyeshika panga. Ni mama. Alitoka nalo jikoni awachape bapa, kama alivyowatishia tangu utoto. Nilipoinua mkono, panga likamgeuka mkononi, likanipata kwa makali.

Kesho yake mama alishuka mwenyewe kituoni, panga kalifunga kwenye kitenge.

"Nimekuja, mwanangu. Ni mimi niliyemkata."

Afande wa zamu akamwonea huruma. "Shikamoo, bibi. Nenda nyumbani ukapumzike, wanao wameshakiri."

Akakaa benchi la nje analia mpaka mchana.

Nilifuta kesi, wakatoka siku ya tatu. Sura zimevimba, lakini wanaongea. Kihamba bado ni cha Sirili, na Jovin bado kinamuuma, hafichi.

Nilichojifunza? Ndugu hawapatanishwi kwa michezo ya mezani. Hawa wangu miaka mitatu waligombea shamba la baba, mpaka damu ilipomwagika ndipo wakakumbuka kwamba mama wanaye mmoja.