Kuku wa Mama wa Chapati

Mama wa chapati pale Murongo huwafunga kuku wake kamba mguuni, ingawa wa majirani huzurura hadi mpakani mwa Uganda. Mikono ikisukuma chapati, unyayo wake hupapasa kamba chini ya meza. Projest, dereva wa bodaboda, humcheka kila asubuhi. Leo redio ilipotangaza kwamba ndege za Wazungu zimemng'oa dikteta wa nchi ya mbali, yule yule waliyemtandikia zulia juzi tu, Projest alishangilia.

"Si wamewaokoa watu, mama?"

Mama akageuza chapati taratibu. "Hata sisi kule Uganda tulikombolewa, mwanangu. Nilikuwa msichana. Tuliwapigia wanajeshi wakombozi vigelegele mpaka sauti zikatukauka." Akainama, akakaza fundo. "Kesho yake, kijiji kizima, hakuna jogoo aliyewika."