Hatua ya Tisa

Mteja akiingia kwa fundi huyu na diski iliyokufa, swali la kwanza ni moja: iliangukaje? Haulizwi kama ilianguka. Miaka kumi na tisa ya kufufua diski imemfundisha mwanamke huyu kwamba watu humdanganya polisi, humdanganya daktari, lakini anayedanganywa kuliko wote ni fundi. "Haikuanguka, ilizima yenyewe tu," mteja anasema, na huku kona ya diski imebonyea kama kopo. Fundi humvutia kiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, humwambia, na diski yako ni hivyo hivyo. Sema nijue pa kuanzia.

Chumba chake kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari. Kina meza mbili, feni moja inayolalamika, na kompyuta nne kuukuu ambazo mtu mwingine angeshazitupa zamani. Moja aliiokota kwenye kiwanda cha uchapishaji kilichofungwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki na tundu la ule waya mpana wa diski za zamani, wa pini hamsini. Kazi yake ina sheria moja tu: kile diski inachosema, mteja anaambiwa hicho hicho. Kama picha za harusi zimefutika, anaambiwa zimefutika. Kama hazikuwahi kuwekwa humo tangu mwanzo, anaambiwa hilo pia, hata kama mkewe amesimama pembeni. Sheria hiyo imemkosesha wateja na wala hajali. Ni mkavu, mtu wa maneno machache, na ukimwambia hivyo anakubali.

Sasa sikia ajabu. Fundi huyu ana kaka mkubwa, wa baba mmoja mama mmoja. Ujanani kaka alikuwa akiandika programu kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza gemu za mashine zile za kuchomeka kwenye televisheni. Alitunga gemu moja ya msafiri anayeshuka ndani ya kisima kilichokauka kutafuta maji, hatua tisa mpaka chini. Gemu haikutoka. Kampuni ikafungwa, watu kumi na mmoja wakarudi nyumbani mikono mitupu, na tangu siku hiyo kaka ana wimbo mmoja: gemu ilikuwa imekamilika, bosi akaiua kwa wivu. Ameuimba harusini, ameuimba msibani, ameuimba mbele ya fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki. Mkewe ameshakata tamaa.

"Wifi, miaka ishirini na sita tunalala watatu," humwambia fundi. "Mimi, kaka yako, na bosi. Na anayevuta shuka ni bosi."

Na diski yenye gemu hiyo iko wapi? Kaka aliibeba siku ofisi inafungwa, akaiviringisha kwenye sweta, akaiweka juu ya kabati la nguo. Jamani, dada yako wa tumbo moja anafufua diski za watu baki, wengine wanasafiri siku mbili kumfuata, na wewe yako unaitunza juu ya kabati! Fundi alishaiomba mara tatu. Mara ya kwanza akaambiwa kesho. Ya pili, wakati wake bado. Ya tatu kaka alinuna wiki nzima, hata salamu akawa anajibu kwa kichwa. Fundi akaacha, maana kaka mkubwa hasukumwi kama toroli.

Kilichoishusha diski ni barua. Jumba la makumbusho lilikuwa linaandaa maonyesho ya gemu ambazo hazikuwahi kutoka, na mtu fulani akawatajia ile ya kisima. Wakamwandikia kaka: je, ipo, na je, imekamilika? Kaka akajibu siku hiyo hiyo. Ipo, imekamilika, hatua zote tisa, na jina lake liandikwe kwenye bango. Kesho yake alipanda ngazi mpaka kwa dada yake, akaiweka diski mezani ikiwa bado ndani ya sweta.

"Wanafungua mwisho wa mwezi," akasema. "Mdogo wangu, hii ni heshima yangu. Unanielewa?"

"Iliangukaje?" akauliza fundi.

Kaka hakucheka. Alikunja sweta, akaondoka nalo.

Diski ilikuwa haizunguki. Vichwa vyake vya kusomea vilikuwa vimegandia juu ya sahani yake ya ndani inayozunguka, ugonjwa wa kawaida wa diski zilizokaa. Fundi aliipasha joto taratibu karibu na taa, kutwa nzima, kisha akaishika kiganjani na kuizungusha ghafla mara moja, kama anafungua kifuniko cha chupa kilichogoma. Ikaanza kuvuma. Akanakili kipande kwa kipande bila kugusa kitu kingine chochote, kwa sababu diski ya umri huo ikikupa nafasi moja, shukuru. Ilichukua siku nne. Palipogoma alirudia, na alipomaliza vipande vilivyokataa vilikuwa kumi na saba tu, vyote mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kwa watu wa kazi hii hilo ni jambo la kujisifia mwaka mzima. Alijisifia peke yake, akanywa chai, akafungua faili.

Kampuni ile ilikuwa na utaratibu: kila jioni kompyuta ilitunza nakala ya kazi yote ya siku na kuipa tarehe. Kwa hiyo hakukuta gemu moja, alikuta mamia, siku baada ya siku. Akachukua ya mwisho, akaiweka kwenye programu inayojifanya mashine ya zamani, akacheza. Ilikuwa nzuri. Yeye si mtu wa kusifia ndugu, lakini ilikuwa nzuri mno. Kila ukishuka, kisima kilibadilika sauti. Mwisho wa hatua ya nane kulikuwa na mlango. Akaufungua, na skrini ikaandika: HONGERA, UMEMALIZA.

Akarudia, akihesabu kwa vidole. Nane. Akachungulia ndani ya faili zenyewe. Hatua ya tisa ilikuwa folda tupu. Mlango ulikuwa umeamriwa kuiruka na kwenda moja kwa moja kwenye hongera, ili atakayetazama tu asishtukie. Akapitia nakala za wiki sita za mwisho. Kila siku kaka alikuwa amebadilisha kitu kimoja, rangi ya mlango. Bluu. Kijani. Bluu nyingine. Fundi alimwonea huruma kaka yake, na hapo hapo akamkasirikia, na hakujua kipi kitangulie. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikwenda miaka ishirini na sita, na ukoo mzima ukimsindikiza.

Wifi alipopita kuulizia, fundi alimweleza yote. Wifi akakaa chini, akafikiri kidogo.

"Mwambie hiyo ya tisa imeoza," akasema. "Si umesema kuna vipande vimekufa? Nani atakwenda kuvihesabu?"

"Hakuna."

"Basi. Utapungukiwa nini?"

Kweli, hakuna ambaye angeweza kumhakiki. Kaka angepata bango lake, na huruma ya watu juu yake.

"Na bosi?" akauliza fundi. "Si ataendelea kuvuta shuka?"

Wifi aliinuka. Aliaga akiwa anatazama ngazi.

Ijumaa asubuhi kaka akaja, shati limepigwa pasi. Fundi akampa kiti na pedi ya kuchezea. Kaka alicheza, vidole vikikumbuka vyenyewe, hatua ya kwanza mpaka ya nane. Mbele ya mlango akasimama. Hakuufungua.

"Ya tisa itakuwa imeoza," akasema, macho kwenye skrini. "Umri ule, lazima sehemu ioze. Waandikie hivyo. Wewe ndiye mtaalamu, watakuamini."

Alikuwa anamwomba. Katika maisha yao kaka huyu hakuwahi kumwomba kitu. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyemnunulia bisibisi yake ya kwanza. Fundi aliona uongo ule ulivyo mwepesi, sentensi moja tu, na alitamani kuusema.

"Kaka," akasema, "diski ni nzima."

"Yote?"

"Yote. Na mlango nimeuona. Rangi zote."

Kaka akaweka pedi chini. 

"Sikujua chini ya kisima kuwe na nini," akasema. "Nimewashusha watu hatua nane, halafu wakute nini? Kila nilichofikiria kilikuwa upuuzi. Bosi aliligundua. Alinipa wiki mbili, akaniongezea nne. Wanunuzi wakataka kuiona ya tisa, hatukuwa na cha kuwaonyesha, wakaondoka. Siku ya kufunga, wenzangu waliuliza kwa nini. Bosi akawaambia ni uamuzi wake. Mimi nimekaa pale pale."

"Ukasemaje?"

"Nilinyamaza. Baadaye ndiyo nikaanza kusimulia."

Fundi alikuwa na mengi ya kumwambia. "Watu kumi na mmoja," akasema tu.

"Na bosi, kumi na wawili. Sasa anauza miwani, nyuma ya posta."

Kaka akatoa simu. Fundi alidhani anawapigia watu wa makumbusho. Lakini namba hakuitafuta popote. Aliibonyeza tarakimu moja moja, kwa kichwa, kisha akaweka simu sikioni na kusubiri. Iliita mara nne.

"Bosi," akasema. "Ndiyo, ni mimi ninayepigaga na kukata. Leo sikati."