Asenath na Ugonjwa Ulioitwa Ameba

Asenath alikuwa fundi cherehani wa Garsen, mzaliwa wa kijiji cha Wema, mwanamke asiyependa kulalamika. Sare nyingi za wanafunzi wa mji ule zilipitia mikononi mwake. Lakini kila mwezi, siku zake zikikaribia, tumbo lake liliumuka kama unga uliotiwa hamira, kisha maumivu yakashuka kiunoni na kupenya hadi njia ya haja kubwa. Akienda chooni alikuwa akiuma ncha ya kanga asipige kelele.

"Ameba," alisema mganga wa zahanati bila kuinua kichwa. "Mnakunywa maji ya mto hamchemshi."

"Nachemsha, daktari."

"Basi chemsha zaidi."

Akapewa vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Mwezi uliofuata, vilevile. Alipojaribu kueleza kwamba maumivu yanaandamana na hedhi, yule mganga alicheka. "Mama Joy, wewe umezaa. Hayo ni ya wanawake wote."

Miaka ikapita kwa vidonge hivyo. Viliposhindwa, alipewa vikali zaidi, na tumbo likazidi kuharibika: leo anaharisha, kesho choo kimefunga. Rafiki yake Darmi, Muorma aliyeleta maziwa sokoni, alimsukumia kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Kunywa hii. Tumbo yako imechoka dawa."

Asenath alikunywa. Choo kilitulia kidogo. Maumivu ya mwezi hayakujali.

Yakaja mafuriko ya mwishoni mwa mwaka tisini na saba. Mto ulimeza mashamba, barabara ya Malindi ikakatika, na kila nyumba ikawa na mgonjwa wa tumbo. Hapo ndipo Asenath alipokosa kabisa wa kumsikiliza.

"Mwaka huu nani haumwi tumbo?" aliuliza mumewe, Barnabas, fundi wa pampu za maji. Hakusema kwa ubaya, naye Asenath alilijua hilo, ila alitamani kumrushia mkasi.

Barabara ilipofunguka tena, Asenath alianguka juu ya cherehani chake, ameshika ubavu wa kulia. Barnabas alimkimbiza hospitali moja ya Malindi. Wakasema ni kidole tumbo, wakampasua.

Alipozinduka vizuri, daktari aliyempasua, Daktari Kassim, alisimama kando ya kitanda.

"Kidole tumbo chako ni kizima, mama. Lakini nimeona kitu kingine. Jina lake endometriosi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje, imejibandika kwenye utumbo. Kila mwezi nayo inavuja damu, ila haina pa kutokea. Nimeondoa niliyoweza."

Asenath alilia, na hayakuwa machozi ya furaha. "Kwa hiyo sikuwa na ameba?"

"Huenda mara moja. Si miaka yote hiyo."

"Na zile dawa zote nilizomeza?"

Daktari alivuta kiti. "Ndani ya utumbo kuna vijidudu vingi vya kutufaa. Dawa zile huua hivyo pia."

"Ndizo zilizoniletea ugonjwa huu?"

"Sijui."

"Zimeuzidisha?"

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba ini hufunga homoni za kike na kuzitupa kwenye utumbo ili zitoke na choo. Vijidudu huzifungua baadhi yake, zikarudi kwenye damu. Na homoni hizo ndizo zinazolisha ugonjwa wako. Kwa hiyo yaliyomo tumboni yanaweza kuwa na mkono katika ugonjwa huu, kwa wema au kwa ubaya. Hakuna aliyethibitisha."

"Nani anatafuta?"

"Wachache. Mbali na hapa."

Asenath aligeukia ukuta. Alikuwa amengoja jibu miaka mingi, na sasa amepewa jina lisilotamkika na "sijui" mbili.

Daktari alimwandikia vidonge vya uzazi wa mpango vya kutuliza hedhi. Nyumbani Barnabas alikunja uso. "Vya kuzuia mimba? Na mama yangu anangoja mjukuu wa kiume?"

"Mwambie mama yako aje alale kitandani pangu siku zangu zikifika. Akiweza kunyamaza, nitaacha kuvimeza."

Barnabas alitoka nje. Lakini vidonge vilipokaribia kwisha, ni yeye aliyekwenda Malindi kuleta vingine, akaviweka mezani.

Maumivu yalipungua, yakamwezesha kukaa kwenye cherehani siku nyingi zaidi. Tumbo liliendelea kuvimba. Aliporudi hospitali na maswali aliyokuwa ameyapanga njia nzima, aliambiwa Daktari Kassim amehamishwa. Kijana aliyeshika nafasi yake alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Nani alikuambia habari za vijidudu? Meza vidonge vyako tu, mama."

"Na ninayokula? Na dawa za tumbo nikipewa tena, nizikatae?"

"Nimesema, meza vidonge."

Asenath alichukua mkoba wake, akatoka uani kwenye jua kali. Barnabas alikuwa akimngoja kwenye benchi.

"Amesemaje?"

"Hakusema kitu," alijibu Asenath. "Twende nyumbani, kabla sijarudi ndani nikamtukana."