Homa ya Laptop Yangu

Soko huria lilipofika Sumbawanga lilikuja na kila kitu. Lilileta suruali za mtumba, simu za laini mbili, maji ya chupa kwa watu wenye chemchemi nyuma ya nyumba, na mimi likaniletea laptop iliyokwisha kutumiwa na Mzungu fulani hadi herufi E ikafutika. Ilipanda kutoka Tunduma enzi hizo barabara ikiwa vumbi tupu, ikafika nyekundu kama muhogo uliong'olewa sasa hivi. Kitu kimoja tu ambacho soko huria lilisahau kupakia, nacho ni fundi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nasoma shahada kwa masomo ya mbali, ule mtindo ambao chuo kiko Dar es Salaam na ujinga unabaki nao nyumbani. Nilikuwa nimebakiza ripoti ya utafiti. Utafiti wenyewe ulihusu kwa nini watoto wa huku kwetu Ufipa wanatoroka shule wakati wa mavuno, swali ambalo mtu yeyote mwenye shamba la mahindi angelijibu kabla hajamaliza kusalimia, lakini chuo kilitaka kitabu kizima. Ripoti ikifika kabla Agosti haijaisha, navaa joho mwaka huohuo. Ikichelewa, mwakani.

Mimi ningeweza kungoja mwakani. Asiyeweza alikuwa mama. Tuliishi wawili mtaa wa Majengo, na presha ya macho ilikuwa inamla polepole. Daktari alishamwambia kwamba kilichoondoka hakirudi na kilichobaki nacho kinafunga mizigo. Bado aliiona sura ya mtu akisogea karibu, na rangi kukiwa na jua. Huyu ndiye aliyelima ulezi miaka yote ili mimi nishike chaki. Aliniambia waziwazi, bila kubembeleza, kwamba anataka kuniona na joho kwa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo msinione nilikuwa na haraka ya kuitwa msomi. Nilikuwa nakimbizana na macho ya mama yangu.

Na mama aliiheshimu ile laptop kuliko nilivyoiheshimu mimi. Kwetu nyumba yenye adabu haiachi chombo uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake, hata kiti ambacho hakikaliwi na mtu kina chake. Laptop ilipata kitambaa cheupe chenye maua ya bluu wiki ileile iliyofika. Kila asubuhi nikishafunga kifuniko na kwenda kazini, mama anakitandika juu yake, jioni nakitoa, tunaendelea. Miezi mingi tuliishi hivyo kwa amani.

Mwezi wa sita niliipeleka intaneti kafe nimtumie msimamizi wangu sura tatu za kwanza. Zilienda. Kumbe laptop nayo ilikuwa na haja zake. Ilipoonja mtandao ikaniandikia kwamba inapokea apdeti, nisiizime. Sikuulizwa kama naitaka. Nikakaa pale natazama kiduara kikizunguka mpaka wateja wawili wakaja wakaondoka, na mwenye kafe akanipongeza.

"Hongera, madam. Sasa iko kisasa."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwa na apdeti. Kuanzia siku ile naiacha laptop asubuhi imejaa chaji, narudi alasiri haina hata tone, na tumbo lake linachoma kama pasi. Nikiichomeka kwenye umeme, siku ambazo umeme umekubali kuja, inanguruma, inaniruhusu sentensi mbili, inazima. Sentensi mbili zenyewe inaondoka nazo.

Fundi wa kwanza alikuwa na meza ya kutengenezea simu pale Majengo, na moyo mkubwa kuliko ujuzi wake. "Apdeti hiyo, madam. Poa tu, niachie." Nikamwachia. Niliporudi nilimkuta anaangalia mieleka kwenye laptop yangu, inafanya kazi kama malaika. Haina tatizo, akasema. Nikaibeba nyumbani kwa furaha. Kesho yake nikatoka shule nikaikuta maiti.

Nikairudisha, ikafufuka. Kwake mzima, kwangu mgonjwa, wiki nzima. Akasema umeme wa nyumba yetu mbaya. Nikaihamishia meza ya sebuleni, kwenye soketi nyingine, bado. Akasema labda naifungua vibaya. Mimi, mtu niliyefundisha watoto wa watu kufungua daftari ukurasa wa kwanza, naambiwa sijui kufungua. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akanisogelea kwa huruma.

"Mwalimu, chombo kinaugua kwako na kupona kwa watu. Hapa Sumbawanga unahitaji kuelezwa zaidi?"

Ndiyo sifa yetu hiyo nchi nzima. Radi ikipiga mti Tanga, wanauliza nani wa Sumbawanga alipita. Nilimjibu kwamba mchawi mwenye akili zake hawezi kupoteza dawa kwenye utafiti wa utoro. Akatikisa kichwa, akanihesabu miongoni mwa waliokwisha kupotea.

Julai ikawa inakwenda. Nikampelekea fundi wa pili, huyu wa duka lenye mlango wa kioo. Dawa yake ilikuwa moja kwa magonjwa yote, kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kupakia mfumo upya. Kibodi imemwagikiwa chai, piga window. Spika inakoroma, piga window. Ningempelekea mbuzi aliyevunjika mguu, angempiga window. Nilimsihi asiguse ripoti yangu, maana sura ya nne ilikuwa humo humo na hakuna mahali pengine duniani ilipokuwa. "Wala usijali, madam," akasema, na mimi, mtu mzima, nikaacha kujali.

Kesho yake nikakuta kufuli. Fundi ameshuka Kirando kutengeneza spika za baa, jirani yake akanieleza, na huko ukishaonja samaki wa ziwani hurudi kwa kuvutwa. Kila nikitoka shule napita pale, nachungulia kwenye kioo, naiona laptop yangu imelala juu ya rafu. Agosti ilikuwa imefika katikati aliporudi, ananuka dagaa, ana furaha. Alinikabidhi laptop safi kama mtoto aliyetoka kubatizwa, haina dhambi wala sura ya nne. Nililia palepale dukani. Kisha nikamtukana, na hayo matusi mpaka leo sijaona sababu ya kuyaondoa. Ng'ombe wa maskini hazai, na wangu alikuwa amezaa, fundi akamfuta ndama. Juu ya hapo, mfumo alioupakia ulikuwa uleule mpya wa apdeti. Nilipofika nyumbani ugonjwa ulinisubiri kwa siku moja tu, ukarudi.

Nikaanza sura ya nne upya, sentensi mbilimbili.

Siku za mwisho za Agosti, shuleni kukawa na kikao cha kamati, tukaruhusiwa mapema. Baridi ya Ufipa ilikuwa bado haijatuachia. Niliingia sebuleni nikamkuta mama amekaa kando ya meza. Juu ya meza kulikuwa na rundo. Niliona blanketi lake la kitandani, chini yake sweta langu, chini ya sweta khanga iliyokunjwa mara nne, na chini kabisa pembe ya kitambaa chenye maua ya bluu. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya rundo lile, kama unavyomshikilia mtoto asijifunue.

"Mama, unafanya nini?"

"Taratibu," akasema. "Haka kana homa. Tangu ulipokapeleka huko mtandaoni hakajawa sawa. Kila ukitoka nakashika, kanachemka. Na baridi hii, mwenye homa unamwacha wazi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Nilikuwa nakafunua kabla hujarudi."

Niliondoa blanketi, nikaondoa sweta, nikaondoa khanga, nikainua kifuniko. Kioo kilikuwa kinawaka. Nikakaa sakafuni. Zamani ukifunga kifuniko laptop inalala, inapoa, kitambaa hakina madhara. Apdeti ilikuja na amri yake kwamba ukifunga kifuniko laptop iendelee kukesha. Ikawa inashinda macho mchana kutwa chini ya kitambaa, inapata joto. Mama haoni taa yake ndogo ya pembeni, anaona kwa mkono, na mkono unamwambia homa. Anaongeza nguo, homa inapanda, anaongeza nyingine. Kwa mafundi ilipona kwa sababu mafundi hawakuwa na mtu wa kuihurumia.

Kubadilisha ile amri kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilimwambia mama homa imeshuka, na kwamba kuanzia sasa kitambaa chake kimoja kinatosha. Alifurahi. Alishukuru Mungu na Bikira Maria, akakunja blanketi lake akalirudisha chumbani, akipapasa ukuta.

Niliandika mpaka vidole vikawa havinisikii. Ripoti ilifika chuoni Septemba imeshaingia, na chuo kikanijibu kwa adabu kubwa kwamba orodha ya wahitimu imefungwa, hongera kwa juhudi, tukutane mwakani. Chuo kilekile kilichonijibu barua moja kwa mwaka, siku hiyo kilikuwa na haraka ya ajabu.

Nilimkuta mama uani, anachambua maharage. Nikamwambia kwamba joho ni mwakani.

"Mwakani," akasema. Akaendelea kuchambua, punje moja moja, anaisugua kwa kidole gumba kabla ya kuitupa. "Mwakani macho haya hayatakuwepo, mwanangu."

Nikashika nguzo ya kibaraza.

"Kwani nini kilituchelewesha?" akauliza.

"Ni ile apdeti, mama."

Hakuwa mtu wa kulaani, lakini niliona anatafuta neno.

"Hao walioituma," akasema, "hawana mama?"

"Wanao," nikamwambia. "Ila hawakai nao."