Barafu ya Mama

Mama alipougua koo, hakuna kilichopita isipokuwa barafu. Chai ilimuunguza, uji ulimkaba. Daktari alinionya kwamba akikosa maji hatutakuwa naye muda mrefu. Nikanunua friji lililotumika kwenye nyumba ya wageni Mikumi, lile linalotengeneza barafu lenyewe na kuidondosha kwenye trei, nikalisimamisha sebuleni kwetu Magomeni, hatua mbili kutoka kitandani kwake.

Wiki mbili lilifanya kazi. Siku ya tatu ya Ramadhani likagoma.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nililipiga kofi. Nikafungua koki: maji yanakuja, mekundu kidogo, kama kawaida yetu mvua zikinyesha. Nikalaumu tope, nikaosha chujio. Wapi! Nikalaumu umeme. Nikampigia fundi aliyeniuzia, nikamfokea mpaka akakata simu. Mama alinitazama tu, midomo imemkauka. Angalau kikombe cha maji nilichomwekea kila asubuhi, ajaribu kunywa tone tone, nilikikuta kitupu, nikajipa moyo.

Baada ya siku mbili fundi akapiga simu mwenyewe.

"Bosi, angalia ule waya wa pembeni. Ukiwa juu, mashine inajua trei imejaa, inaacha."

Waya ulikuwa juu. Ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, fundo dogo la mtu aliyezoea kushona. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Mama, mgonjwa hafungi."

"Najua, mwanangu. Lakini mwezi huu sitauona tena."

"Na maji ya kikombe?"

"Namwagia mchicha hapo dirishani. Ningekuambia, ungefoka."

Ningefoka kweli. Niliona aibu kwamba mama yangu, mgonjwa, ameamka akashika ukuta mpaka kwenye friji ili anifiche ibada yake. Lakini woga ulinizidi aibu. Nikakata uzi.

Alasiri barafu ikadondoka. Nikampelekea vipande vitatu kwenye bakuli. Jua lilikuwa bado kali nje, na adhana ya magharibi ilikuwa mbali. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi. Alifungua mdomo kama mtoto anayeogopa kuchapwa, na machozi yakamtoka.

Idi hakuifikia. Msibani watu walinishika mkono mmoja mmoja, wakanisifu jinsi nilivyomuuguza. Niliitikia asante, na sikumwambia hata mmoja wao kwamba nilimvunjisha mama yangu saumu kwa kumtisha.