Ukuta Uliofungwa Bila Hodi

Kiwandani walimwita Mama Ukuta, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kufunga kuta za ndani za ndege za abiria, zile mbao nyeupe nyepesi ambazo msafiri huziegemea akasinzia, asijue kwamba nyuma yake kuna utumbo mzima wa nyaya na mabomba. Zamani alikuwa akishona mito ya makochi kwenye karakana ya fanicha. Kiwandani aliingizwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa zamu. Vidole vilivyozoea kuvuta kitambaa kikae bila mkunjo vilijifunza upesi kukaza skrubu bila kupasua ubao.

Alikuwa mwoga, tuseme ukweli. Si mwoga wa panya wala wa giza. Alikuwa mwoga wa kusahau. Akitoka nyumbani alirudi kuangalia kama jiko limezimwa, akafika kwenye kona, akarudi tena kujaribu kitasa. Mumewe, dereva wa lori la mikate, alishazoea kumsubiri barabarani injini ikinguruma. "Wewe hata ukifa," alimwambia, "utafufuka uje kuangalia kama kaburi limefunikwa vizuri." Mama Ukuta alicheka, na alirudi vilevile.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa ukuta wa ndege aufunge, umempa dawa au umemwongezea ugonjwa? Bahati yake, mafundi wa kuta walikuwa na dawa yao. Nyuma ya kila ubao hupita fungu la nyaya, nalo hushikwa na vibanio lisije likasugua makali ya chuma. Kibanio kimoja kikikosekana, ndege haianguki kesho. Itaruka vizuri tu, mwezi huu na ujao, huku nyaya zikisuguliwa kidogo kidogo kama kamba ya mbuzi kwenye kigingi, mpaka siku zitakapobaki uchi. Kwa hiyo kabla ya kufunga, fundi aligonga kila kibanio kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Mwenzake aliyekuwa akifanya kazi upande wa pili alivuka, akachungulia, akagonga naye, akajibu, "Karibu." Hapo ndipo ubao ulipofungwa. Desturi hiyo hakuna mkubwa aliyeiamuru. Mafundi waliianzisha wenyewe, na kila mgeni aliiona ya kitoto mpaka alipoizoea. Mwenzake Mama Ukuta alikuwa mwanamke waliyemwita Kicheko, na "karibu" yake ilisikika mpaka chumba cha rubani.

Modeli ya ndege waliyokuwa wakiiunda waliipachika jina la Bibi Harusi, maana kila siku alikuwa tayari kesho. Mara milango imeletwa na matundu mahali pasipo pake, mara viti vimekwama kwa aliyeagizwa avilete. Kisha, mwaka uliotangulia, moja ya ndege hizo ikatua kwa dharura, moshi ukitoka nyuma ya ukuta wa abiria. Hakufa mtu, lakini picha za watu waliofunika pua kwa mashati yao zilizunguka dunia nzima. Ukuta ule ulifungwa na zamu nyingine. Hata hivyo Mama Ukuta alikaa siku kadhaa akijitazama mikono.

Wakaguzi wakasimamisha kazi, wakazunguka kiwandani miezi na miezi. Walipofungua tena, mashirika yaliyolipia ndege yalikuwa yamechoka kusubiri, na wakubwa wakaleta saa kubwa ya umeme iliyoonyesha kiwanda kimechelewa kiasi gani. Waliitundika chini kabisa ya bango la "Usalama Kwanza". Mtu mwenye haya angeitafutia ukuta mwingine.

Basi ndipo watu wakaanza kuazimwa. Huyu atolewe hapa akazibe pengo pale, na pengo alilozibua nani wa kuliziba? Haikuulizwa. Kicheko akapelekwa kwenye viti.

"Na mimi nitajibiwa na nani?" Mama Ukuta alimuuliza msimamizi.

"Jijibu mwenyewe," alisema shemeji yake, nusu utani, akapita haraka.

Akawa anajijibu. Hodi, karibu, hodi, karibu, peke yake kama mwendawazimu. Alikuwa kwenye ukuta wa mwisho, karibu na mkia, wakati vijana wa trekta walipoanza kupiga kelele kwamba wamekuja kuivuta ndege na mtu yeyote aliyemo ashuke. Alikaza skrubu, akakusanya vifaa, akashuka.

Fikra ilimjia bafuni, mikono ikiwa na povu la sabuni. Ule wa mwisho, niligonga?

Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kugonga, ndiyo, lakini kugonga wapi? Kitu unachokifanya kila siku hakikuachii alama ya siku. Ni kama kumuuliza mtu kama leo asubuhi alianza kuvaa kiatu cha kulia. Sabuni ilimkaukia mikononi akiwa bado amesimama pale.

Ndege ilipelekwa kupakwa rangi, nayo ikatoka inang'aa. Kutoka dirisha la kantini aliiona kila alipoinua kijiko, mpaka akaacha kuinua kijiko. Watu walisema marubani wa shirika lililoinunua wameshafika hotelini, na kesho yake wataondoka nayo.

Jioni mumewe alimkuta amekaa jikoni, sahani haijaguswa. Akamweleza.

"Ukisema, na ikikutwa nzima?" mumewe akauliza. "Ndugu yangu wamemwambia waziwazi: ndege moja tu ikichelewa tena, aondoke yeye."

"Najua."

"Watoto wake wanakula kwa kazi hiyo. Na wewe kakuingiza yeye."

"Najua, baba. Na ikikutwa si nzima?"

Mumewe alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Alimpenda mdogo wake, na sasa alikuwa akiombwa amtupe. "Lingekuwa jiko," alisema mwisho, "ningekwishageuza lori."

Asubuhi Mama Ukuta aliingia ofisi ya msimamizi bila kuvua aproni. "Shemeji," alisema. Kiwandani hakuwahi kumwita hivyo, na yule bwana aliweka kikombe chini kabla hajasikia neno la pili.

"Kibanio kimekosekana?" aliuliza alipomaliza kusikiliza.

"Sijui. Sikumbuki kama niligonga."

"Kwa hiyo huenda uligonga."

"Huenda."

"Mkaguzi ametia sahihi."

"Alitia sahihi ukuta umeshafungwa. Aliona ubao mweupe."

Jasho lilimtoka shemeji. Usimwone mtu mbaya; alikuwa mtu aliyefikwa na maji ya shingo. "Ndege haisimamishwi kwa huenda," alisema.

"Lakini wanaopanda watarushwa kwa huenda hiyohiyo."

Alimtazama kwa hasira, hasira ya kweli, ya mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa na mgeni aliyemkaribisha yeye mwenyewe. Kisha akavaa kofia yake ya kazi, akatoka kwenda kuwaambia marubani wasubiri.

Walisubiri, wamekalia mabegi yao. Mama Ukuta aliufungua ukuta mwenyewe, watu wamejaa nyuma yake mpaka pumzi zao zikamgusa shingoni. Skrubu ya mwisho ilimponyoka mara mbili. Ubao ukatoka.

Vibanio vyote vilikuwepo. Vimekaa, vimekaza, kimoja baada ya kingine.

Alilia palepale, hakujali nani anamwona. Alikuwa na furaha, na aibu, na hakujua kipi kinalia. Nyuma mtu alicheka, mwingine akasema, "Haya, arudi nyumbani akaangalie jiko lake." Bibi Harusi aliondoka siku iliyofuata, na shemeji akapewa barua ya kukabidhi zamu.

Usiku ule Mama Ukuta alilala kama gogo. Asubuhi akaenda ofisini, akamkuta shemeji akiondoa picha za watoto kwenye droo.

"Nimekuponza," alisema.

"Umeniponza," alijibu shemeji, bila kumtazama. "Sitakuambia uongo. Umeniponza."

Mlango ulikuwa wazi. Kicheko alikuwa amesimama hapo, wala hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umesawijika, na nyuma yake, kando ya ukuta wa ujia, walisimama mafundi wengine wa kuta, aproni zao mwilini. Hata yule aliyetoa maneno ya jiko alikuwemo.

"Kama ni mambo ya viti, mtafuteni msimamizi mpya," alisema shemeji.

"Si viti," alisema Kicheko. "Ile wiki huyu alipougua, nilifunga kuta peke yangu. Tangu ukuta ule ulipofunguliwa najiuliza, bosi. Na mimi sikumbuki."

"Ndege hiyo iko wapi? Kwenye rangi?"

Kicheko alitikisa kichwa. "Imeshachukuliwa. Inabeba watu tangu mwezi uliopita."

Shemeji aliachia picha zikarudi kwenye droo. Aliwatazama wale wa nyuma, na hakuna aliyeinamisha macho. "Na nyinyi?"

Mmoja akataja namba ya ndege, na mwingine akataja ya kwake, na mwingine, na shemeji akawa tayari ameshika simu mkononi. Mama Ukuta alizijua namba hizo. Hakuna hata moja iliyokuwa bado kiwandani.