Dereva wa Kike na Sweta Mbili

Chepkosgei alikuwa anasomea uandishi wa filamu hapa Nakuru wakati shule moja ya wavulana, upande wa Molo, ilipomwomba awaandikie mchezo wa tamasha la drama. Akamwomba Mungu jina lake lisikike, akamshukuru mapema. Mchezo ungefika ngazi ya kitaifa, watu wa runinga wangelijua jina lake. Akawaandikia Selina, dereva wa trela anayelala Salgaa, kituo cha malori barabarani, mwanamke asiyelia ovyo wala kungoja mtu wa kumwokoa. Kiptum wa kidato cha tatu alimwigiza kwa utulivu mpaka mwandishi mwenyewe akaamini.

Siku ya tamasha, Mwalimu Mbugua, msimamizi wa drama shuleni, alimvuta Kiptum nyuma ya jukwaa, akamjaza sweta mbili kifuani.

"Mwalimu, huyu ni dereva," Chepkosgei akasema.

"Kwani dereva hana kifua, madam? Ukumbi umelala. Wacha watu wacheke kidogo."

Hawakucheka kidogo. Selina aliposimulia ajali iliyomuua mumewe, sweta moja iliteleza hadi tumboni, na hata padri aliyekaa mbele akajipangusa machozi ya kicheko. Kiptum, kwa kuona anashangiliwa, akaanza kukitikisa kifua.

Wakawa nambari moja. Jaji mkuu akasema mwandishi huyu anawajua wanawake kweli kweli.

"Simama wakuone," Mwalimu Mbugua akamnong'oneza. "Na mwaka ujao utuletee mwingine kama huyo, lakini mnene zaidi."

Jina lake likaitwa kwa kipaza sauti, jinsi alivyokuwa ameomba. Chepkosgei akasimama, akapunga mkono.